Kizuri Chajiuza? Si Huku Kwetu Mara

Ndugu msomaji, methali hii twaijua wote tangu utoto: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee waliotuachia maneno hayo hawakukosea. Waliishi mahali ambapo kila mtu alijua kwamba chungu cha mama fulani hakivuji, na kwamba kibuyu cha mzee fulani hakitii maziwa harufu. Sifa ilikwenda yenyewe kutoka kisimani hadi malishoni, wala haikuhitaji mpiga mbiu.

Lakini nenda leo mnadani, Mugumu au Tarime, ukatazame kwa macho yako. Mama ameketi chini, mbele yake vikapu sita. Vimesukwa kwa mkono uliozoea, vimekaza, na rangi zake zimepangwa vizuri. Jirani yake ni kijana mwenye ndoo na mabeseni ya plastiki. Jua likielekea kuzama, kijana amebakiwa na beseni moja lenye ufa, na mama anafunga vikapu vitano arudi navyo nyumbani. Hicho kimoja alichouza, alikiuza kwa bei ya kuomba radhi. Je, ubovu ulikuwa katika kikapu? Hata kidogo. Ila yule kijana tangu asubuhi alikuwa akiimba bei zake na kubwaga ndoo chini ili watu waone kwamba haipasuki. Mama alinyamaza, akingoja kizuri kijiuze.

Hiyo ndiyo habari ninayotaka tuizungumze wiki hii: namna ya kuijulisha kazi ya mikono yetu kwa watu wanaoweza kuinunua. Wengine watasema jambo hili ni la wafanyabiashara, si la gazeti la jamaa nyumbani. Mimi nasema ni la jamaa hasa. Na katika wilaya zetu hizi mbili, Tarime na Serengeti, kwa wasichana wengine ni jambo la kuamua watalala wapi.

WASICHANA WA DESEMBA

Wasomaji wa Mara hawahitaji maelezo marefu. Likizo ya mwisho wa mwaka inapofika, hasa katika miaka ambayo koo zimepanga msimu wa tohara, kama ilivyokuwa 2016, 2018 na 2020, wapo wasichana wanaokimbia nyumbani ili wasikeketwe. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wanawake 32 katika kila 100 wamekeketwa, wakati kwa Tanzania nzima walikuwa 10 katika kila 100.

Wanakokimbilia wasichana hawa twakujua. Kipo kituo cha Masanga, wilayani Tarime. Zipo nyumba salama za Mugumu na Butiama za shirika la Hope for Girls and Women, ambalo Bi. Rhobi Samwelly alilianzisha mwaka 2017. Wengi hupatanishwa na wazazi wao, wakarudi nyumbani kwa amani. Kwa wengine haiwezekani upesi, maana baba amekwisha kuahidiwa ng'ombe, na mlango umefungwa. Wanaoweza kusoma hupelekwa shule, na wengine hufundishwa ushonaji.

Sasa fikiri, msomaji mpenzi. Msichana amejifunza kazi. Anajua kukata, anajua kushona zipu isikwame, anajua kupiga pasi shati la shule. Siku moja anafungasha vitu vyake na kutoka katika nyumba ile. Amepanga chumba Mugumu au Sirari, na labda amepewa cherehani. Nani ajuaye kwamba yupo? Nani atamletea kitambaa? Mwezi wa kwanza atakula akiba yake. Mwezi wa pili atakopa. Mwezi wa tatu atatokea mtu wa kumlipia kodi, na mtu huyo atakuwa na masharti yake.

Kwa hiyo nikiandika hapa habari za bei na karatasi ndogo za kufungia bidhaa, usidhani ni mambo ya mchezo.

HESABU YA MFUKO MMOJA

Tuanze na bei, kwa sababu mtu asiyejua bei yake mwenyewe huona haya hata kuisifu kazi yake. Nimewauliza mafundi wengi, wake kwa waume: "Kwa nini wauza mfuko huu shilingi 5,000?" Jibu karibu siku zote ni lile lile: "Ndivyo wanavyouza wenzangu." Na hao wenzake ukiwauliza, wanamtaja yeye.

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Bei ninazotumia ni za mfano tu. Wewe weka za dukani kwenu. Tuseme umenunua kitenge kwa shilingi 18,000, na kikatoa mifuko 9 ya kubebea. Basi kitambaa cha mfuko mmoja ni shilingi 2,000. Bitana shilingi 1,200. Uzi na zipu shilingi 800. Jumla 4,000. Fundi mwenye bei ya 5,000 husimama hapa, akashangilia kwamba amepata faida ya shilingi 1,000.

Haya, tuendelee. Kwa siku unashona mifuko 3. Ungekwenda kufanya kibarua, usingekubali kurudi mikono mitupu. Tuseme waona shilingi 9,000 ni haki yako kwa siku. Basi kila mfuko una shilingi 3,000 za jasho lako. Imekuwa 7,000. Bado kuna sindano iliyokatika, mafuta ya cherehani, nauli ya kwenda kununua kitenge, kodi ya chumba, na ule mfuko mmoja ulioukata vibaya. Weka shilingi 1,000. Sasa tumefika 8,000, wala hatujatia faida ya kununua kitenge kingine kikubwa zaidi.

Yule anayeuza 5,000 hakupata shilingi 1,000. Elfu ile imekwenda kwenye nauli na sindano. Mikono yake imefanya kazi siku nzima bure, na tena amemshukuru mnunuzi!

Hesabu hii ina faida nyingine. Mwenye duka akija na kusema, "Nitachukua mifuko 20, lakini kwa 6,500," hutababaika. Waijua sakafu yako iko wapi. Utamwambia, "Baba, kwa 20 nitakushushia hadi 8,000, chini ya hapo najila mwenyewe." Na usimkasirikie ukisikia kwamba yeye anauuza kwa 15,000. Mwenye duka mara nyingi huongeza karibu kiasi kile kile alichonunulia. Yeye naye analipa pango, anakaa na bidhaa miezi, na nyingine humharibikia. Kosa ni lako kama wewe mwenyewe, ukikutana na mteja barabarani, utamwuzia kwa 8,000 kitu kile kile ambacho mwenye duka anauza 15,000. Wiki ijayo hatakuagiza tena, na ana haki.

Andika hesabu hii katika daftari. Si kichwani. Kichwa husahau madeni ya ndugu.

MANENO YANAYOKWENDA NA KIKAPU

Sasa tuje kwenye sifa. Kazi ya mikono ina tatizo ambalo ndoo ya plastiki haina. Ndoo kila mtu anaijua. Lakini mgeni atokaye Dodoma au Ujerumani akikiona kibuyu cha maziwa cha Kikurya, haoni kitu ila ganda la mboga lenye mkanda. Hajui kwamba hutiwa moshi ili maziwa yakae. Hajui kilichukua muda gani kukauka juani. Usipomwambia, atalipa bei ya ganda la mboga.

Kwa hiyo kila kitu kiendacho mbali na wewe kiende na maneno yake. Karatasi ngumu ndogo, iliyotobolewa na kufungwa kwa uzi, yatosha. Juu yake andika mambo machache ya kweli: kitu hiki ni nini na hutumiwaje, kimetengenezwa kwa nini, kimetengenezwa kijiji gani, kinatunzwaje, na namba ya simu ya kikundi. Ukipata mtu wa kukuandikia Kiingereza upande wa pili, vema, lakini Kiswahili kisiondolewe. Wanunuzi wengi wa siku hizi ni Watanzania wenzetu, nao wanapenda kusoma.

Angalia maneno haya mawili. La kwanza: "Kikapu kizuri sana cha asili, bei nafuu." La pili: "Kikapu hiki ni cha katani iliyokatwa kwenye ua wa shamba letu. Kukisuka kumechukua siku nne. Kikichafuka, kifute kwa kitambaa chenye maji baridi, ukianike kivulini; jua kali litafifisha rangi." La kwanza laweza kuandikwa juu ya kikapu chochote duniani. La pili laweza kuandikwa juu ya kikapu chako tu. Na hebu tazama: halikujisifu hata mara moja. Siku nne zimejisifu zenyewe.

Kadhalika na picha. Siku hizi simu imeingia karibu kila nyumba, na watu huagiziana mifuko na mashuka kwa picha. Hilo ni jema. Lakini nimeona picha nyingi za kusikitisha: kikapu kimewekwa juu ya kitanda kisichotandikwa, nyuma yake kuna sufuria na mguu wa mtoto. Toa kikapu mlangoni, penye mwanga wa asubuhi. Tandika chini shuka jeupe au kanga isiyo na maua mengi. Piga picha moja ya kitu chote, moja ya mshono kwa karibu, na moja kikiwa mkononi mwa mtu ili ukubwa wake uonekane. Kisha andika vipimo kwa sentimita. "Kikubwa" si kipimo. Mimi niliwahi kuagiza kapu "kubwa" la kuwekea nguo. Lilipofika kwa basi, liliingia soksi tu.

Na mteja akikuuliza, mjibu siku ile ile, hata kama jibu ni hapana. Mteja wa mbali hawezi kuuona uso wako. Ujuzi wake juu yako ni jinsi unavyojibu. Ukimwahidi Ijumaa, iwe Ijumaa. Umeme ukikatika au mtoto akiugua, mwambie kabla siku haijafika, si baada ya kukutafuta mara tatu. Kwa kazi ya kuagizwa omba kianzio, nusu ya bei, maana tangu malipo ya simu yalipoingia nchini mwaka 2008 hakuna udhuru wa kusema fedha haziwezi kufika.

JERAHA LA MTOTO SI TANGAZO

Hapa sasa nataka kusimama, maana pana shimo, na wengi wenye nia njema wameanguka ndani yake.

Habari ya fundi huuza kazi yake. Jambo hilo limejulikana zamani. Mwaka 1946 mama mmoja wa Kimenono kutoka Marekani, Edna Ruth Byler, alizuru Puerto Rico. Akaona wanawake maskini wakidarizi vitambaa vizuri sana visivyo na soko. Akavichukua, akaenda navyo kwao Pennsylvania, akawauzia majirani na rafiki, akivibeba katika buti la gari lake, huku akiwaeleza ni nani waliovishona. Kazi yake ile ndiyo iliyokua mpaka ikawa maduka yanayoitwa leo Ten Thousand Villages. Wamenono twawajua huku kwetu; walifika Shirati mwaka 1934, mahali ambapo siku hizi pako wilaya ya Rorya, lakini mpaka mwaka 2007 palikuwa Tarime.

Tena jirani zetu wa Rwanda: kuanzia mwaka 2005 vikapu vyao viliuzwa katika duka la Macy's huko Marekani. Wanunuzi waliambiwa kwamba katika vikundi vile waliketi pamoja wanawake waliouawa waume zao mwaka 1994, na wanawake ambao waume zao walifungwa kwa mauaji hayo. Habari hiyo iliwagusa watu, wakanunua. Lakini tukumbuke kwamba wasukaji wale walikuwa watu wazima, na habari ilikuwa yao wenyewe kuitoa au kuificha.

Msichana wa miaka 14 aliyekimbia usiku si hivyo. Utaona mtu ameshona kikaratasi kwenye mfuko: jina la mtoto, kijiji chake, picha ya uso wake, na maelezo ya yaliyompata au yaliyokaribia kumpata. Mgeni anafuta machozi, anatoa dola. Na je, picha ile inakwenda wapi? Inarudi kwa simu mpaka kijijini. Wajomba wanaisoma. Ukoo unasema umeaibishwa mbele ya Wazungu. Mapatano ambayo walezi wake na ofisa ustawi wa jamii waliyafanyia kazi mwaka mzima yanavunjika kwa mfuko mmoja. Hata kama hayo yote hayakutokea, mtoto yule atakua. Atataka kuwa mwalimu au muuguzi au mama wa nyumba yake. Atakutana na jeraha lake sokoni, limefungwa kwa uzi.

Nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe: anayeuza mfuko kwa njia hiyo haiuzi kazi ya msichana. Anamwuza msichana. Na huko kuuzwa ndiko alikokukimbia.

Basi tufanyeje? Sema habari ya kazi. "Mfuko huu umeshonwa na wasichana wanaojifunza ushonaji mkoani Mara. Fedha yake hununua vitambaa na chakula." Yatosha. Hakuna jina, hakuna uso, hakuna kijiji. Ukitaka picha, piga picha ya mikono. Kama fundi ni mtu mzima na yeye mwenyewe ataka jina lake liandikwe kwa kuwa anajivunia mshono wake, liandikwe, tena kwa herufi kubwa! Maana wapo waliopata heshima kwa jina lao kujulikana. Marehemu George Lilanga, Mmakonde wa kusini, aliingia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam kama mlinzi wa usiku; nyumba ile Sista Jean Pruitt wa Maryknoll aliianzisha mwaka 1972. Watu wakaona vinyago vyake, wakampa nafasi ya kufanya kazi na wasanii, na alipofariki mwaka 2005 michoro yake ilikuwa imetundikwa Ulaya, Marekani na Japani. Hawakuambiwa wamhurumie mlinzi. Walionyeshwa kazi yake.

Na mtihani mmoja rahisi: mfuko ule ungeondolewa ile karatasi ya huruma, je, mtu angeununua mara ya pili? Anayenunua kwa huruma hununua mmoja, akautia kabatini. Anayenunua kwa sababu zipu haikwami na mkanda haukatiki, huja na dada yake.

WAGENI WA MBUGANI, NA WATEJA WA NYUMBANI

Twakaa mlangoni pa Serengeti. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, na tangu 1981 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Magari ya wageni hupita Robanda na lango la Ikoma. Kaskazini, kati ya Julai na Oktoba, watu hutoka pembe zote za dunia kuja kuona nyumbu wakivuka mto Mara. Lakini uliza vitu vilivyomo katika maduka mengi ya watalii vimetoka wapi. Vinyago vya mawe laini ni vya Tabaka, kwa Wakisii, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Sirari. Twiga wa mti ni kazi ya Wakamba. Na Wakamba nao walianzaje? Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda vitani katika Vita Kuu ya kwanza, akajionea uchongaji hapa hapa kwetu Tanganyika, akarudi nao kwao, akaufanya biashara. Basi kazi iliyotoka huku imerudi kutuuzia! Sisemi kwa wivu. Nasema ili ujue kwamba mlango haujafungwa. Aliyeuingia kwanza aliuingia kwa kujitangaza.

Mtu mmoja peke yake hawezi kwenda kuzungumza na meneja wa hoteli akasikilizwa. Kikundi chaweza. Mende kikundi na vitu vitatu tu vilivyo bora kuliko vyote, si gunia zima, na karatasi ya bei, na jibu la swali ambalo hakika ataliuliza: "Nikitaka 30 vya namna hii hii, mtavileta lini?" Msimdanganye. Kama ni miezi miwili, semeni miezi miwili. Vikapu 30 vyenye vimo 30 mbalimbali ni mzigo kwake. Pimeni kwa fimbo moja.

Jihadharini na jambo moja ambalo limewapeleka watu mahakamani. Msipambe kitu chochote kwa jino, ngozi, unyoya, mwiba wa nungunungu wala mfupa wa mnyama wa porini, hata kama mmeuokota njiani. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 huvihesabu vitu hivyo kuwa nyara za Serikali, na asiye na kibali akikutwa navyo hana la kujitetea. Mgeni naye atanyang'anywa uwanjani. Ngozi ya mbuzi na ng'ombe, ikitengenezwa vema, yatosha. Mti nao ukaushwe kabisa. Kinyago chenye matundu ya bungua huzuiwa kuingia nchi za watu, na kikifika kikapasuka, jina linaloharibika ni lenu.

Hata hivyo nisingependa mtu yeyote amtegemee mgeni peke yake. Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 waliingia Tanzania. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuka, walishuka wakawa kama 620,000. Waliokuwa wakishona vitu vya watalii tu walijua maana ya njaa. Waliokuwa na wateja wa jirani walishona barakoa.

Mteja wa jirani tunamdharau kwa sababu hatoi dola. Lakini yeye yupo Januari na Mei, mvua na jua. Watoto wa shule wanahitaji sare kila mwaka. Kwaya zinahitaji majoho. Kigango kimoja chenye waimbaji 40 ni kazi ya mwezi mzima kwa mafundi wawili. Akina mama wa arusi wanataka sare za vitenge. Tena tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, kila aendaye sokoni anahitaji kitu cha kubebea nyanya zake. Vikapu vya mama zetu vilipata nafasi ambayo havijapata kwa miaka mingi. Je, tuliitumia? Katika masoko mengi naona mifuko ya kiwandani ya rangi ya buluu na kijani ndiyo imejaa, imeletwa na wafanyabiashara waliokuwa macho siku ile ile sheria ilipotangazwa. Kikapu kilingoja kijiuze.

MTAJI

Wengine watauliza fedha za kuanzia zitoke wapi. Halmashauri za wilaya hutenga sehemu 10 katika kila 100 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Mwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, uende na daftari lile la hesabu tulilolianza hapo juu. Asiye na daftari hana la kuonyesha. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi Musoma, na hutoa mafunzo ya ufundi na biashara. Lakini ushauri wangu, kama mna kitenge kimoja na cherehani moja, ni kuuza kwanza mifuko 9 ndipo mkope. Mifuko 9 ya kwanza itawafundisha mambo ambayo mkopo hauwafundishi: mkanda ulikuwa mfupi, rangi ya kahawia haikupendwa, na mwalimu mmoja wa Nyamwaga anataka wenye mfuko wa ndani wa kuwekea simu.

Na wewe msomaji ambaye si fundi, usidhani nimekusahau. Pengine wewe ni katibu wa kwaya, au mkuu wa shule, au una arusi ya binti yako mwezi wa nane. Kabla hujapanda gari kwenda Mwanza kuagiza, pita Masanga au Mugumu uulize ni nani aliyemaliza ushonaji mwaka huu na amepanga chumba wapi. Chukua shati moja la mfano, mpelekee. Mwulize bei yake, naye akisema kwa sauti ndogo, mwambie afanye tena hesabu, akianzia na kitambaa.